Mwezi Uliowashwa Mchana

Mama Pazia alishona mapazia, na kwa sababu ya mapazia aliingia vyumba vya watu. Hakuna kazi inayomfikisha mtu chumbani kwa mwenzake bila kuulizwa kama ile ya kupima madirisha. Alipanda kigoda, akavuta utepe wake, akatupa macho huku na huku, na kabla hajashuka alikwisha kujua nani analala peke yake, nani kaficha friji bovu nyuma ya mlango, na nani anataka kitambaa kizito si kwa ajili ya jua bali kwa ajili ya jirani.

"Mtu hafuniki dirisha asipokuwa na cha kufunika," alikuwa akisema, na wateja walicheka wakidhani anatania. Hakuwa akitania.

Shaka yake ilikuwa na asili. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa salamu nyingi na zawadi ndogondogo. Alipofariki, nyumba ikajaa watu, na katikati ya vilio wakaingia vijana watatu ambao hakuna aliyewajua, wamefuatana kama ngazi, kila mmoja na paji la uso la marehemu. Wakajitupa chini mbele ya jeneza: "Baba! Baba!" Mama yake, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akainua kichwa akauliza, "Hawa wanamlilia baba yupi?" Hakujibiwa, na wala hakuhitaji kujibiwa. Mama Pazia wakati huo alikuwa msichana anayejifunza kutunga uzi kwenye sindano. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alishtuka tangu siku ile, na hakuacha.

Ndiyo maana alipofikia umri wa kuolewa aliwapita wenye maneno matamu akamchagua fundi wa injini, mtu mnene, mpole, asiyesema sana. Watu walimwita Sikio. Gari likiletwa gereji, wenzake walikimbilia spana; yeye alisema, "Liwashe kwanza." Alisimama kando, amefumba macho, mikono kiunoni, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao. Kisha akasema: "Vali ya pili," au, "Beringi ya nyuma, kushoto." Wakafungua, wakaikuta. Mama Pazia aliona huyu ndiye mume. Mtu anayesikia hivi hana muda wa kudanganya, alijiambia, na gereji yenyewe ilikuwa mwisho wa mtaa wao, unaiona ukisimama mlangoni.

Wakaishi. Wakapata mtoto mmoja wa kiume, akakua, akapata kazi ya mbali. Nyumba ikabaki na wawili.

Mambo yalianza kubadilika polepole, kama rangi ya kitambaa inavyochujuka juani. Hujui ilianza lini. Unashtuka tu siku moja kwamba buluu imekuwa kijivu. Sikio akawa mtu wa kutikisa kichwa. Ukimwambia jambo, anatikisa kichwa kukubali na kutabasamu, kisha halifanyi. Siku nyingine anajibu upande usioulizwa.

"Chumvi umenunua?" Mama Pazia aliuliza akiwa jikoni.

"Ndiyo, nimeshalifunga," Sikio akajibu kutoka sebuleni.

"Umefunga chumvi?"

"Nimefunga dirisha, mama. Si umesema mvua inakuja?"

Hakuna aliyetaja mvua. Mama Pazia alisimama na mwiko mkononi, akajiuliza, huyu mwili uko hapa, roho iko wapi? Halafu kulikuwa na simu. Zamani Sikio alipokea simu popote, hata mdomo umejaa chakula. Sasa ikilia analitazama jina, anainuka, anatoka nje hadi nyuma ya nyumba, na kufunga mlango nyuma yake. Mama Pazia akaenda na beseni la nguo kana kwamba anaanika, akamkuta kageukia ukuta, mkono umeziba sikio moja. Alipomwona mkewe akakata simu.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Mteja anaongelewa ukutani?"

"Huku kuna utulivu."

Na kitandani akabadilisha upande. Miaka yote alilala upande wa ukutani, sasa akataka kulala upande wa mlango, eti mgongo. Mama Pazia aliweka yote hayo moyoni, moja juu ya jingine, kama vitambaa rafuni. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwake mbingu ilikuwa imeshajaa.

Basi kijana wao akaja likizo na sanduku kubwa. Ndani yake kulikuwa na mtambo mweusi ambao yeye aliuita risiva, mzito kama jiwe la kusagia, na spika za kuzungushia sebule nzima, pamoja na moja kubwa ya besi ya kukaa chini kama kigoda. "Hii, baba, itawaletea sinema nyumbani," alisema. Akaunganisha nyaya, akakaa na baba yake wakibonyeza rimoti na kuelekezana, wawili peke yao, vichwa vimegusana. Mama Pazia hakujishughulisha. Aliona tu kwamba nyaya zimepita chini ya mapazia yake mapya na kuyaharibia mkunjo. Likizo ikaisha, kijana akaondoka, mtambo ukabaki.

Tangu hapo Sikio, ambaye zamani alikula chakula cha mchana gereji juu ya tairi, akaanza kurudi nyumbani mchana. Akala, akafunga mlango, akakaa na mtambo wake. Mama Pazia alikuwa dukani kwake muda huo, barabara ya pili, kwa hiyo aliambiwa tu. Na aliyemwambia ni shoga yake muuza vifungo, mwanamke mwenye meza iliyogusana na duka lake, asiyepitwa na jambo.

"Mumeo siku hizi anapenda nyumba," muuza vifungo alisema, akipanga vifungo vyake kwa rangi.

"Ni yake, aipende."

"Mchana kweupe? Wewe ukiwa haupo?" Akapuliza vumbi kwenye kifungo kimoja. "Mimi sijasema neno."

Alikuwa amekwisha kulisema.

Siku moja Mama Pazia alisahau mkasi wake mkubwa nyumbani. Angeweza kuazima, lakini mkasi wa kuazima hukata kwa adabu ya mwenyewe. Basi akarudi kuuchukua. Alipofika barazani akasikia sauti ya mwanamke. Hakupiga kelele mwanamke huyo. Alinong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa wazi kama mtu amekushika bega, kila herufi na pumzi yake: "Usimwambie mkeo. Bado. Akijua, mimi na wewe tumekwisha."

Mama Pazia alisimama, miguu imeota mizizi. Kisha damu ikarudi kwa kishindo. Pembeni mwa mlango kulikuwa na fimbo ya pazia aliyoiegesha asubuhi. Akaikamata, akausukuma mlango, akaingia.

Sebuleni alikuwako Sikio peke yake, amekaa ukingoni mwa kochi, mwili umeinama mbele, macho hayabanduki kwenye kioo cha televisheni. Kwenye kioo mwanamke mwenye hereni ndefu alikuwa akimnong'oneza mwanamume ndani ya gari. Mara gari likalipuka. Moto ukajaa kioo, vyuma vikaruka, na kishindo chake kikawa kama gunia la unga limeangushwa chumba cha jirani. Mlipuko mzima wa gari, na glasi mezani haikutikisika!

Na Sikio hakugeuka. Mkewe amesimama nyuma yake na fimbo, anahema kama farasi, na yeye hakugeuka. Ni pale kivuli cha fimbo kilipopita juu ya kioo ndipo aliporuka.

"Mama! Umeingia saa ngapi?"

"Unajificha nini wewe?"

"Nimejificha wapi? Niko nyumbani kwangu, natazama filamu."

Mama Pazia alitazama nyuma ya kochi. Akatazama chumbani, na bafuni. Hakukuwa na mtu. Akarudi sebuleni, na hapo jicho lake likatua usoni mwa ule mtambo mweusi. Kwenye kijidirisha chake cha kioo kulikuwa kumewaka alama ndogo ya buluu, mwezi mwandamo, kama ukucha uliokatwa.

"Huu mwezi ni wa nini?"

Sikio akautazama, akamtazama mkewe, akautazama tena. "Ah, huo? Urembo tu. Mitambo ya siku hizi ina mataa mengi." Akachukua rimoti, akazima kila kitu, haraka kidogo kuliko inavyostahili.

Kama angesema ukweli siku ile, habari hii ingekuwa fupi. Lakini alidanganya, na Mama Pazia alikuwa mtu anayejua uongo kama muuza kitambaa anavyojua pamba ya kweli kwa kuisugua kati ya vidole viwili. Mwezi, mchana kweupe, na mtu anasema ni urembo.

Wakati huo alikuwa ameshika kazi ya madirisha ya duka moja la vyombo vya muziki, mali ya fundi kijana mwenye miwani ambaye alitaka mapazia mazito ili sauti isitoke nje. Siku ya kwenda kupima, Mama Pazia alipima haraka, akashuka kigodani, akauliza kama mtu anayepitisha muda tu:

"Mwanangu, hivi hizi risiva zenu zina mwezi?"

"Zina mwezi, mama?"

"Kijitaa kidogo cha buluu. Kama ukucha."

Fundi akacheka. "Aa, hiyo ni hali ya usiku. Kaa nikuonyeshe." Alikuwa mtu anayependa kuulizwa. Akamkalisha katikati ya spika, akaweka filamu. Watu wawili wakasemezana kwa sauti ya chini, Mama Pazia akajikuta akitega sikio. Mara bunduki ikalia, naye akaruka na kushika kifua.

"Umeona, mama? Sinema hutengenezwa hivyo. Mnong'ono uko chini kabisa, mlipuko uko juu kabisa. Sasa ukiwa nyumbani, watu wamelala, ukiongeza sauti ili usikie mnong'ono, mlipuko unaamsha mtaa mzima. Ukipunguza kwa ajili ya mlipuko, mnong'ono umepotea. Ndiyo wakaweka mwezi." Akabonyeza. Ile alama ikawaka. Akarudisha filamu nyuma. Safari hii watu wale wawili walinong'ona kama wako mezani pamoja naye, na bunduki ilipolia ilikuwa kama mlango uliobamizwa na upepo.

"Kwa hiyo kidogo kinakuzwa na kikubwa kinapunguzwa," Mama Pazia alisema.

"Hapo hapo. Vinasogezwa karibu. Na besi inashikwa isitetemeshe kuta. Kwa hiyo nje hakisikiki kitu, na ndani hukosi neno."

Nje hakisikiki kitu, na ndani hukosi neno. Mama Pazia aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo na hayakumfurahisha.

"Na mtu akiiwasha mchana? Mchana wa jua?"

Fundi akavua miwani akaifuta kwa shati. "Mchana? Mara nyingi ni nyumba yenye mtoto mchanga. Wazazi wanataka filamu, na mtoto kalala. Au wakati mwingine..." Hapo wakaingia wateja wawili wamebeba spika iliyopasuka, wakimlaumu kabla hata ya salamu, naye akawaendea. Mama Pazia hakungoja sentensi imalizike. Alikuwa ameshapata lake.

Mtoto mchanga.

Alitembea kurudi dukani kwake bila kuona njia. Mtoto mchanga, analala mchana, nyumbani kwake, juu ya makochi aliyoyavalisha kwa mikono yake mwenyewe! Huyo mwanamke humleta mtoto mchana aje amwone baba yake, mtoto analala, wao wanawasha mwezi. Aliona yote waziwazi, hata rangi ya kishuka. Aliona mbele zaidi: msiba, jeneza, kijana anaingia asiyejulikana na mtu, ana tumbo la Sikio na mashavu ya Sikio, anajitupa chini.

Siku hiyo aliwahi kurudi. Akainua mito ya makochi yote. Akapata sarafu, kalamu, na skrubu. Akanusa vitambaa. Hakukuwa na harufu ya maziwa, lakini mwanamke mwerevu hubeba vyake. Akaiendea ovaroli ya mumewe iliyotundikwa nyuma ya mlango, akatia mkono mfukoni. Akatoa pamba. Kipande cha pamba safi, nyeupe, kimelowa mafuta laini yasiyo ya injini.

Akakibeba hadi kwa muuza vifungo, kimefungwa kwenye leso.

Muuza vifungo akanusa, akafikiri. "Mafuta ya mtoto haya. Ya kumsafishia." Alipoona uso wa mwenzake akamshika mkono. "Usilie, shoga. Baba yako alikuwa nao watatu. Huyu ana mmoja tu."

"Hivyo ndivyo unavyonifariji?"

"Nakufariji nilivyojaliwa. Sasa sikiliza, usimuulize. Mwanamume ukimuuliza anapata muda wa kupanga jibu. Mfuate."

Nafasi haikukawia. Asubuhi moja Sikio alivaa shati lake la kutokea, la mikono mirefu, akasema anakwenda mjini kununua gasketi. Mama Pazia alikuwa akikunja pazia, akaendelea kukunja.

"Gasketi inavaliwa shati jeupe?"

Sikio akatabasamu, akatikisa kichwa. "Sitachelewa."

Alimwacha atangulie, akajitanda mtandio aliokuwa hauvai, akamfuata. Haikuwa kazi ngumu. Alitegemea Sikio angegeuka, naye ajifiche nyuma ya vibanda. Lakini Sikio alitembea kama mtu aliyemo ndani ya chupa. Mwendesha pikipiki alimpigia honi kwa nyuma hadi watu wakapiga kelele, na Sikio akasogea pale tu upepo wa pikipiki ulipompuliza suruali. Mama Pazia moyo ulimruka. Akajikemea: amezama katika mawazo ya huyo mwanamke wake, atakufa barabarani kwa mapenzi.

Sikio akavuka, akaingia kwenye jengo la ghorofa lililopakwa rangi ya kijani. Juu ya mlango kulichorwa mwanamke amempakata mtoto. Kliniki. Mama Pazia aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Basi, hakuna la kubishana tena. Hata ukuta umesema.

Akaingia. Chini palijaa akina mama na watoto, mizani inaning'inia, mtoto mmoja analia kwa sindano na wengine wanalia kwa kumwonea huruma. Akazipitia nyuso zote. Akawatazama watoto mmoja mmoja mashavu yao, mpaka mama mmoja akamfunika wake kwa kanga akidhani huyu bibi ana jicho baya. Sikio hakuwako. Akaona mgongo wa shati jeupe ukimalizia kupanda ngazi.

Juu kulikuwa kimya. Ukumbi mrefu, benchi, watu wachache, wengi wazee. Sikio alikuwa amekaa benchi la mbele, peke yake. Hakukuwa na mwanamke kando yake wala mtoto magotini. Mama Pazia akakaa benchi la mwisho, akavuta mtandio usoni, akangoja mwanamke atokeze.

Mlango ukafunguliwa, akatoka muuguzi na faili. Akaita jina, jina kamili la Sikio, lile la kwenye kitambulisho, ambalo mtaani hakuna aliyelitumia. Aliita kwa sauti ya kawaida ya kuita.

Sikio hakutikisika.

Muuguzi akatazama huku na huku, akaita tena, kwa nguvu zaidi. Watu benchini wakaanza kutazamana. Mzee mmoja mwenye fimbo akainua mkono, kisha akaushusha, si yeye. Na Sikio alikaa palepale, mikono imewekwa magotini kwa adabu, ameuelekea mlango kwa subira ya mtu anayengoja zamu yake bado. Alikuwa amefumba macho kidogo, kama alivyofanya mbele ya injini.

Muuguzi akaita mara ya tatu.

Hapo ndipo Mama Pazia alipoona. Ilimjia yote kwa pamoja, bila kuitwa: chumvi na dirisha, simu ya ukutani, upande wa kitanda, pikipiki, mnong'ono uliokuzwa mchana kweupe. Mwezi haukuwashwa kwa ajili ya mtoto. Mnong'ono ulikuzwa kwa ajili ya huyu, huyu anayeitwa Sikio na mji mzima, aliyekaa mbele yake hasikii jina lake.

Aliinuka. Akaenda hadi benchi la mbele akamgusa bega.

Sikio aligeuka, akamwona mkewe, na uso wake ukaanguka kama pazia lililokatika kamba.

"Unaitwa," Mama Pazia alisema.

"Nani?"

"Wewe. Mara ya tatu hii."

Wakaingia pamoja. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake kubwa na ya polepole, anamtazama mtu usoni anaposema. Mama Pazia, ambaye hata daktari hakumwamini bure, aliuliza maswali yake yote. Pamba ile ya mafuta? Ni dawa ya kulainisha nta ya masikioni. Ni ugonjwa gani? Ni miaka ya injini, mama, karibu na sikio, bila kuziba. Sikio la kulia limebaki kidogo sana, la kushoto linafuata. Linarudi? Halirudi, lakini kuna kifaa cha kuvaa, kinasaidia. Tangu lini anakuja hapa? Daktari akamtazama Sikio kwanza, Sikio akatikisa kichwa kukubali. "Tangu kabla ya mvua zilizopita," daktari alisema.

Walipotoka walivuka hadi kwenye kivuli cha ukuta upande wa pili wa barabara, penye kibaraza cha duka lililofungwa. Wakaketi. Mama Pazia akahakikisha amekaa upande wa kushoto.

"Mbona hukuniambia?"

Sikio alichezea kishikizo cha mkono wa shati. "Lililetwa lori," alisema. "Dereva akasema kuna mlio. Nikasikiliza. Nikamwambia hakuna kitu, nenda. Kila mtu pale aliusikia ule mlio, mama. Lakini mimi niliposema hakuna, wakanyamaza, kwa kuwa ni mimi. Beringi ikajifunga mlimani. Mungu ni mkubwa, lilikuwa linapanda, halishuki, likasimama tu. Dereva akaja kunishukuru! Akasema bila shaka ni mafuta yangu mazuri yaliyomwokoa." Alivuta pumzi. "Mtu anaitwa Sikio. Atasimama wapi aseme hasikii?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Najua."

"Na ule mwezi?"

Akaonyesha aibu, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Kijana wetu alinionyesha, akasema ni wa usiku, ili wewe ulale. Nilipoubonyeza nikasikia wanawake. Kwenye filamu nilikuwa nasikia wanaume na magari tu. Wanawake na watoto walikuwa wanafungua midomo bure. Mwezi ukawarudisha. Basi nikawa narudi mchana kujifunza. Natazama mdomo, nasikia neno, natazama mdomo. Nikifika gereji nafanya vivyo hivyo na watu. Nilitaka nijue midomo kabla sauti haijaisha kabisa."

Mama Pazia aliurekebisha mtandio wake. Hasira ilikuwapo bado, imekosa pa kukaa. "Ungeniambia mimi. Wale wengine sawa. Mimi?"

"Ungeniamini?" Sikio aliuliza. "Ningesema sikusikii, ungesema najifanya."

Ilikuwa kweli tupu. Mama Pazia akasema, "Unajua nilidhani nini?" Akamweleza: mtoto mchanga, mito ya makochi, mafuta, muuza vifungo, watoto aliowakagua mashavu kule chini. Alimweleza akimgeukia uso, neno kwa neno, ili asikose hata moja. Sikio alisikiliza akiwa ameganda. Kisha tumbo lake likaanza kutetemeka.

"Mimi? Na tumbo hili? Nani atanizalia?"

"Usicheke. Nilikuwa na fimbo siku ile."

"Niliiona!" alisema, akicheka machozi yakimtoka, na wapita njia wakageuka kutazama wazee wawili wanaolia na kucheka kwenye kibaraza cha duka lililofungwa.

Sikio aliwaambia mwenyewe wenzake wa gereji. Aliwakusanya, akasimama katikati yao mikono kiunoni, akasema sikio langu limekwisha, mlio wowote msiniulize mimi. Fundi wa breki akasema, "Sasa tukuiteje? Pua?" Wakamwita Pua kwa muda, mchana kutwa, na yeye akavumilia. Ikaja kuonekana kwamba viganja vyake vilikuwa vimejifunza mengi wakati masikio yakijiondokea. Aliweka mkono juu ya gia boksi na kusema kilichomo. Si mara zote alipatia. Fundi wa breki alisikiliza pale aliposhindwa, wakabishana, wakafungua, na mara aliyekosea akanunua chai. Watu wazima wa mtaa waliendelea kumwita Sikio. Mdomo ukishazoea jina hauna habari na lolote.

Kifaa kilipofika kilikuwa kidogo kama njugu, rangi ya ngozi. Siku ya kwanza Sikio alizunguka nyumba nzima akishangaa. Friji linanguruma hivi siku zote? Na hii saa ya ukutani, ndiyo kelele zake? Alikaa sebuleni jioni akisoma gazeti, na Mama Pazia alikuwa kwenye cherehani yake pembeni, anashona pindo refu.

Baada ya muda Sikio akashusha gazeti.

"Mama."

"Naam?"

"Nani gunia la viazi?"

Mguu wa Mama Pazia ukasimama juu ya kanyagio. Alikuwa na mazoea ya kusema na kitambaa anaposhona, chini ya pumzi, akitoa ya moyoni. Na kwa miaka ile ambayo hakuna aliyemsikia, mazoea yalikuwa yamenona.

"Sikusema kitu."

"Umesema, kuna magunia ya viazi humu ndani yanakula na hayaoshi sahani."

"Nilikuwa naongea na pazia."

"Pazia linakula?"

Mama Pazia alimtazama kwa muda, akijaribu kujua ni mangapi ameshayasikia tangu avae kile kifaa, na Sikio akamrudishia macho yake. Kisha akainuka, akakunja mikono ya shati, akaenda jikoni. Maji yakasikika yakifunguliwa. Mama Pazia akaendelea kushona, mdomo ameubana, na sahani zikagongana.